Theluji si Nyeupe: Mwongozo wa Picha za Nyeusi na Nyeupe Hokkaido

Kamera yoyote ikiachiwa ijiamulie, theluji hutoka ya kijivu kama majivu yaliyomwagiwa maji. Mpiga picha akiliona hilo huongeza mwanga mpaka kila kitu kinakuwa cheupe pe, na hapo picha imekwisha: kimebaki karatasi tupu na mti. Kazi yote ya nyeusi na nyeupe kwenye theluji imo katikati ya makosa hayo mawili. Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, kwa sababu mashamba yake ya vilima, miti yake ya pekepeke na maziwa yake yanayofuka mvuke yanafaa kuliko mahali pengi. Hesabu za mwanga ni zilezile hata ukiwa Norway au Kanada.

Chagua wiki, kisha mahali

Wiki za kufukuzia ni kuanzia katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari. Kabla ya hapo mabua na madonge ya udongo huenda bado yanachungulia mashambani. Ikifika Machi, jua la mchana huyeyusha theluji juujuu, usiku huigandisha, na uso wake hupata ganda linalong'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Ganda hilo linaweza kupendeza, ila si ile theluji laini watu wanayoifuata.

Faida kubwa ya majira haya ni jua kuwa chini. Tarehe 21 Desemba, eneo la Biei, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 23 juu ya upeo wa macho. Kwa aliyezoea jua la utosini la Dodoma au Mombasa, hilo ni jua la saa kumi na moja jioni linalodumu kutwa. Mti wa mita 10 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 23 hata saa sita mchana. Ubaya wake ni siku fupi: mapema Januari jua huchomoza saa moja na dakika chache asubuhi na kuzama saa kumi na dakika chache jioni. Uwe umefika mahali nusu saa kabla ya jua, maana mwanga bora wa theluji mara nyingi huja kabla jua halijaonekana.

Biei na Furano, katikati ya kisiwa, ni vilima vya mashamba, safu za miti ya kukinga upepo, na miti inayosimama peke yake katikati ya weupe. Miti ya kukinga upepo mara nyingi ni karamatsu, aina ya msonobari unaopukutisha sindano zake, hivyo wakati wa baridi hubaki mistari myembamba kama iliyochorwa kwa penseli. Kwenye bwawa la Shirogane, lililotokana na kazi za kuzuia matope baada ya mlima Tokachi kulipuka mwaka 1988, watalii wa kiangazi hufuata rangi ya buluu ya maji. Sisi tunaona bwawa hilo ni zuri zaidi likiganda: buluu inafunikwa, yanabaki magogo meusi ti ya miti iliyokufa yakichomoza kwenye weupe.

Mashariki kuna ziwa Kussharo, ambalo huganda isipokuwa pembezoni penye chemchemi za moto, kama Sunayu, ambako batamaji weupe hukusanyika. Mvuke wa hapo hugandia kwenye matawi ukawa sakitu. Kijiji cha Tsurui kina korongo wa Japani, wanaoitwa tancho. Bahari ya Abashiri hupata mapande ya barafu yanayoelea, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Januari. Usijaribu kupiga Biei na Kussharo kwa siku moja. Barabara ya majira ya baridi itakula nusu ya siku.

Vya kubeba

Lenzi itakayofanya kazi nyingi ni ya milimita 70 hadi 200. Wengi huja na lenzi pana, na picha zao zinarudi na weupe mwingi usiosema kitu, pamoja na nyayo zao wenyewe pembeni. Beba pana moja kwa ajili ya mabwawa na barafu. Kwa korongo utahitaji milimita 400 hadi 600.

Betri tatu au nne, si mbili. Baridi hupunguza nguvu ya betri za lithiamu, na kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hali ya kawaida alfajiri za Januari, betri iliyojaa inaweza kuonyesha tupu baada ya muda mfupi. Waliopiga picha Uhuru, kileleni Kilimanjaro, wanaijua hali hii. Weka betri za akiba kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili. Iliyozima usiitupe mkobani: ipashe joto kifuani, mara nyingi itarudisha sehemu ya chaji yake.

Kwenye maduka madogo ya Hokkaido utapata vipakiti vya joto vinavyoitwa kairo (sawasawa na mji wa Misri, huwezi kusahau jina). Ukikifungua kikapata hewa kinapata moto kwa saa kadhaa. Nunua vingi: viwili vya mifukoni, kimoja cha kufunga kwenye lenzi kwa mpira ili kioo kisipate sakitu unapoacha shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) wazi muda mrefu. Usikibandike kwenye betri moja kwa moja.

Mavazi: fulana ya sufu au ya nyuzi za kisanii ndani, sweta nzito, kisha jaketi lisilopitisha upepo. Pamba usivae kabisa mwilini, kwani hushika jasho na jasho hilo likipoa utatetemeka. Mikononi vaa glavu nyembamba za kubonyezea vitufe, juu yake glavu kubwa zenye nafasi ya gumba pekee. Buti ziwe kubwa kwa namba moja, kwani soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana hukata damu na vidole hupoa haraka zaidi. Na njumu za mpira za kufunga chini ya buti, kwa maegesho yaliyoganda. Watu wengi huangukia maegeshoni, si mlimani.

Kabla ya kuondoka nyumbani, piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo), picha ikiwa haijakaa kwenye fokasi, yaani haina ukali, uikuze kwenye skrini. Kila doa utakaloliona ni vumbi la sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha, na kila moja litaonekana kwenye anga jeupe la Biei. Safisha sasa, kulifuta doa moja kwenye picha 300 ni adhabu.

Hesabu ya mwanga

Kipima mwanga cha kamera kinadhani dunia ni ya kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye theluji, kinaona mwanga mwingi na kuupunguza ili theluji iwe kijivu. Hivyo:

1. Weka kamera kwenye RAW (faili ghafi lenye kila kilichopokelewa na kamera) pamoja na JPEG (picha iliyokwisha kutengenezwa na kamera), na mtindo wa picha uwe wa nyeusi na nyeupe. Skrini itakuonyesha bila rangi, lakini faili la RAW litabaki na rangi zote. Hili ni la lazima, sababu utaiona kwenye uhariri.

2. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100 au ile ya chini kabisa ya kamera yako, apacha (tundu la lenzi) f/8 hadi f/11. Ukifika f/16 na kuendelea, picha huanza kulegea ukali.

3. Ongeza mwanga kwa kitufe cha +/−. Siku ya mawingu mazito anza na +1. Siku ya jua kali na theluji imejaa fremu, anza na +1⅔. Kukiwa na mti mkubwa mweusi au msitu, +⅔ inatosha. (Stopu moja ni mwanga mara mbili.)

4. Piga moja, fungua histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia. Mlima wa kulia, ambao ndio theluji, uwe karibu na ukuta wa kulia bila kuugusa. Ukiwa katikati, ongeza. Ukiwa umebandikana na ukuta, punguza ⅓ ⅓ mpaka uachane nao.

5. Washa onyo la sehemu zilizoungua, zile zinazometameta kwenye skrini. Uso wa jua lenyewe na vimulimuli vya barafu acha viungue. Theluji yenye mikunjo isimetemete hata kidogo.

6. Ukishapata, hamia kwenye mpangilio wa mkono kabisa na uache hapo. Mwanga ukibadilika, rudia. Ukiacha kamera ijiamulie, korongo mmoja akipita mbele atabadilisha weupe wa theluji nzima.

Wanaotumia filamu wapime theluji yenye mikunjo kwa kipima cha doa (kinachosoma sehemu ndogo tu), kisha wafungue stopu mbili. Filamu ya Ilford HP5 Plus inavumilia makosa mengi. FP4 Plus ni laini zaidi lakini inataka mwanga zaidi. Kwenye baridi kavu zungusha filamu taratibu kama unayefungua barua ya zamani: filamu hukakamaa na kukatika, na ukiivuta haraka hupiga cheche za umeme tuli zinazoacha alama kama radi ndogo kwenye negativu.

Fokasi na tripodi

Fokasi ya kujiendesha inatafuta tofauti ya rangi au mwanga. Kwenye weupe mtupu haina cha kushika, itakwenda na kurudi bila kutulia. Theluji ikianguka ni mbaya zaidi, maana inashika vipande vya karibu. Zima, kuza skrini mara 10, uzungushe pete kwa mkono mpaka ukingo wa shina la mti uonekane mkali. Kisha bandika pete kwa utepe. Baridi ikikutoa machozi utashukuru kwamba huna haja ya kutazama tena.

Tripodi kwenye theluji nzito ina siri ambayo imevunja viungo vya wengi. Ukiipanua miguu mpaka mwisho halafu ukaikandamiza, kila mguu unapozama husukumwa nje, na kiungo cha juu ndicho kinachobeba nguvu hiyo. Panua nusu tu, kisha kandamiza mpaka miguu ijifungue yenyewe ndani ya theluji na kugonga kitu kigumu. Subiri dakika moja kabla ya kupiga. Theluji iliyokandamizwa bado hutulia. Ukimaliza, futa miguu kabla ya kuikunja. Maji yakiingia kwenye vifungio na kuganda, hutaifungua tena mpaka ufike chumbani.

Kabla ya kupiga hatua yoyote, simama uangalie. Nyayo hazifutiki. Panga njia yako kwa kuzunguka pembeni, na anza na picha za mbali. Za karibu zije mwisho.

Mashamba ya watu

Chini ya theluji ya Biei kuna shamba, na pengine kuna ngano iliyopandwa tayari. Viatu hubeba vimelea na mbegu za magugu kutoka shamba moja hadi jingine, na nyayo zako zinabaki kwa atakayekuja nyuma na kwa mwenye shamba. Mti mmoja maarufu wa Biei, ulioitwa mti wa mwanafalsafa, ulikatwa na mwenye shamba Februari 2016. Ulikuwa mzee, na pia watu walikuwa hawaachi kukanyaga shamba lake licha ya kuombwa. Piga kutoka barabarani. Ndiyo maana tulisema lenzi ya 70 hadi 200.

Gari nalo liegeshe kwenye maegesho tu. Nguzo zenye mishale inayoelekea chini huonyesha ukingo wa lami. Nje ya mshale huo kuna mtaro uliojaa theluji laini, unaoonekana kama nchi kavu.

Muda mrefu na theluji inayoanguka

Theluji inayoanguka inaandikwa na shata. Kwa 1/250 au haraka zaidi vipande vinasimama hewani kama nukta. Kwa 1/30 vinakuwa mistari mifupi, ambayo huonekana vizuri mbele ya kitu cheusi tu. Ukiacha shata sekunde 30, theluji inapotea kabisa na mandhari hubaki na ukungu mwembamba. Hii ya mwisho ndiyo inayofaa kwa safu za karamatsu: miti ya nyuma huyeyuka polepole mpaka unashindwa kujua mstari unaishia wapi.

Mchana utahitaji filta nyeusi ya stopu 10, inayozidisha muda takriban mara 1000. Ikiwa bila filta ni 1/60, ukiivisha itakuwa sekunde 17. 1/30 inakuwa 34. 1/15 inakaribia sekunde 68. Weka fokasi kwanza, ndipo uvishe filta. Funika kioo cha kutazamia kama kamera yako ni ya kioo cha ndani (DSLR), la sivyo mwanga utaingia kwa nyuma na kuharibu picha.

Wa filamu wana hesabu moja zaidi: mwanga ukiwa hafifu filamu huchoka kupokea. HP5 Plus ikipimwa sekunde 10 inataka kama 20. Ikipimwa 30 inataka kama 86.

Usipulize kioo kwa mdomo hata siku moja. Pumzi yako itaganda papo hapo, na ukifuta unaisambaza. Tumia pulizo la mpira au brashi. Na unapotazama kwenye kioo cha kamera, toa pumzi pembeni.

Kurudi ndani

Hapa ndipo kamera nyingi zinapokufa, na si nje. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji Dar es Salaam hutoka jasho mezani. Kamera iliyopoa ikiingia chumba chenye joto hutoka jasho vivyo hivyo, nje na ndani ya lenzi. Ukiwa bado nje toa kadi ya kumbukumbu na betri. Ingiza kamera na lenzi kwenye mfuko wa plastiki unaofunga kabisa, bana hewa itoke, funga, weka ndani ya mkoba, ndipo uingie. Acha saa moja hadi mbili bila kufungua. Jasho litajitokeza nje ya mfuko. Ni kosa lilelile la kuitoa kamera kwenye chumba cha kiyoyozi na kwenda nayo ufukweni, ila kinyumenyume.

Uhariri: rangi ambazo huzioni

Sasa ile sababu ya RAW. Kivuli kwenye theluji siku ya anga safi hakina jua, kina mwanga wa anga tu, kwa hiyo ni cha buluu. Sehemu zenye jua zinaelekea njano. Macho yetu hayajali, lakini faili linakumbuka. Fungua picha kwenye programu kama Lightroom, igeuze nyeusi na nyeupe, kisha nenda kwenye vitelezi vya rangi. Shusha buluu hadi −20 au −30. Vivuli vinazama, kila mkunjo na kila wimbi la upepo kwenye theluji linajitokeza, na anga linakuwa zito. Zamani kazi hii ilifanywa na filta: ya njano hula stopu moja, ya chungwa mbili, nyekundu nzito tatu.

Ukishusha buluu kupita −50 angalia mambo mawili: punje chafu kwenye anga, na ukanda mweupe unaozunguka ukingo wa mlima. Ukiviona rudi nyuma. Siku ya mawingu mbinu hii haina kazi kubwa, kwa kuwa vivuli havina rangi ya kutofautisha.

Korongo anakuja na mtego wake. Ni ndege mweupe na mweusi mwenye kipara chekundu utosini. Ukipandisha nyekundu, au ukitumia filta nyekundu kupata anga zito, kile chekundu kinakuwa cheupe na ndege anaonekana hana utosi. Shusha nyekundu hadi −20 au −30 na kofia yake itarudi kama kijivu kizito. Kwa ndege hao kwenye mto alfajiri tumia 1/1000 wakiruka, ISO 800 hadi 1600, na uache kitelezi cha kuondoa ukungu kabisa. Ukungu ndio picha.

Mpangilio wa weupe: peleka kishale juu ya theluji usome namba. Kwenye kipimo cha asilimia, theluji yenye jua iwe 90 hadi 95, ya kivulini 60 hadi 75, na shina jeusi zaidi 3 hadi 5. Anga na ardhi vikiwa vyote vyeupe siku ya mawingu, usivitenganishe kwa nguvu; mstari hafifu wa uzio au safu ya miti unatosha kumwambia mtazamaji ardhi ilipo. Kitelezi cha ukali wa kati (Clarity) kisizidi +15, la sivyo kila tawi linapata mwangwi mweupe pembeni yake.

Kwenye karatasi, weupe kamili ni mahali ambapo printa haikudondosha wino hata kidogo. Karatasi ya kung'aa ikiinamishwa dirishani, sehemu hizo humeremeta tofauti na nyingine, na unaona viraka kwenye theluji. Tibu kabla ya kuchapa: kwenye mkunjo wa mwanga (Curves) wa programu yako, shusha ncha ya juu kulia kutoka 255 hadi 250. Viraka vikiwa bado vinaonekana, chapa kwenye karatasi isiyong'aa.